Dumu la ulanzi nililomfungia mwanangu

Admin, nifichie jina, na mtaa usiutaje. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, naishi Mafinga, nina watoto watatu. Mtanisamehe nikiruka ruka.

Kifungua mimba wangu ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu. Huku kwetu msimu wa mvua ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi, ni kama chai. Ule wa asubuhi, uliotoka kwenye mianzi muda huo huo, ni mtamu, tunauita mtogwa, hata watoto wanakunywa. Halafu mimi ndiye niliyekuwa naongoza kuwasema majirani ambao vijana wao wanakunywa pombe. Nilikuwa na mdomo kweli.

Jumapili moja kulikuwa na kipaimara kijijini kwa wifi yangu. Mwanangu akaenda na pikipiki ya baba yake. Leseni hana, tumezoea tu. Nikamfungia dumu la mtogwa, nikamwambia, "Mkanywe na wenzio, msije mkaenda kununua mapombe ya watu." Ibada ikawa ndefu, dumu likashinda juani mpaka saa tisa. Mtu yeyote wa huku anajua ulanzi ukipigwa jua unachacha, unakuwa pombe kali. Mimi najua kuliko yeye, ila siku hiyo wala sikuwaza. Wakaunywa wote.

Wakati wa kurudi akampakia binti wa jirani yangu, mwanafunzi mwenzake. Kwenye kona wakakutana na lori la mbao, akayumba, wakaingia mtaroni. Yeye alichubuka. Binti amevunjika mguu, amewekewa vyuma, na daktari anasema huenda asitembee vizuri tena.

Mume wangu alimuuliza mwanangu mbele ya watu, "Pombe ulipewa na nani?" Mtoto akaniangalia, akainamisha kichwa. "Nilinunua mwenyewe, baba."

Nikanyamaza. Afadhali ningeishia hapo. Nilimzaba kibao, nikasema ananiaibisha.

Sasa baba yake kamwachisha shule, anashinda kwenye mashine ya mbao akibeba magogo. Nikienda wodini, mama wa binti ananishika mkono, ananiambia, "Wewe huna kosa, dada. Watoto wa siku hizi hawasikii." Naitikia, halafu natoka nje kulia.

Jana nilimwambia mwanangu nataka kusema ukweli. Akanijibu taratibu, "Mama, acha. Baba atakufukuza, na wadogo zangu watabaki na nani?" Nilijisikia vibaya mno. Mimi ndiye mzazi, lakini yeye ndiye ananilinda.

Mume wangu namjua, akisikia, ndoa imekwisha. Na yule jirani sijui nitamtazamaje. Lakini Jumapili hii familia mbili zinakutana kwetu, na mwanangu ameambiwa apige magoti mbele ya wote aombe msamaha. Naombeni mawazo yenu, hata matusi nitayasoma. Nisimame niseme dumu lilitoka kwangu, au nikae kwenye kiti nimwangalie akipiga magoti peke yake?