Proksi ya Dada na Vioski vya Maji

Ukurasa wenyewe wa mtandaoni ulikuwa mfupi. Ulionyesha vioski vya maji vya upande wetu wa Mtito Andei, na mbele ya kila kioski neno moja tu: kuna, au hakuna. Ukiwa umeishi mahali ambapo bomba hupita karibu na mbuga, na ndovu wakishikwa na kiu hulifukua kwa miguu na kulipasua, utajua kwamba maneno hayo mawili yana uzito zaidi kuliko riwaya nzima niliyokuwa nimekuja nyumbani kuimalizia.

Aliyeutengeneza ni binti wa mama yangu mkubwa, ambaye kwa desturi yetu namwita dada. Alisomea kompyuta, akarudi, na kamati ya maji ikamwajiri kusoma mita na kujibu simu za wateja. Ukurasa haukuwa kwenye kazi aliyopewa. Alimwona mama yake, mwenye goti bovu, akirudi kutoka kioski cha bondeni na mtungi mtupu kwa sababu kilikuwa kimefungwa, na juma hilohilo akaanza kuuandika. Wahudumu wa vioski walimtumia ujumbe kwa simu, naye akabadilisha neno. Ukurasa ulikaa ndani ya seva, ambayo ni jina kubwa la kompyuta ya mezani iliyokuwa pembeni mwa ofisi, ikivuma kama friji kuukuu. Kwa amri ya mwenyekiti, juu kabisa palikuwa na ramani na picha kubwa ya wanakamati wote wakiwa wamesimama mbele ya tangi.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbaya. Siku maji yapo, hakuna aliyeufungua. Siku bomba limepasuka, watu wote waliufungua kwa pamoja, na seva ikaanguka. Ilianguka siku zile tu ilizohitajika. Kiangazi hiki ilianguka tena, na mama mkubwa akashuka bondeni bure, akapanda bure.

Mwenyekiti alikuwa dereva wa malori mstaafu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja siku aliyomwita dada mbele ya kamati.

"Msichana wangu, hii kitu yako ni kama breki za lori bovu," akasema. "Barabara ikiwa sawa, zinashika. Ukifika mteremkoni, zinakuambia kwaheri."

Wanakamati wakacheka. Dada akangoja wamalize.

"Mzee, nipe mpaka Jumatatu."

Jumatatu ndiyo siku mgao ungeanza. Vioski vingefunguliwa kwa zamu, na kila nyumba ingetaka kujua zamu yake ni lini, jambo ambalo ukurasa sasa ungelionyesha pia.

"Jumatatu ikianguka, naing'oa kwa soketi na mkono wangu. Turudi kwa karatasi za kubandika mlangoni."

"Karatasi unaisoma ukishafika, mzee. Mama yangu hana goti la kwenda kusoma karatasi."

"Basi isianguke," akasema mwenyekiti, na mkutano ukaisha.

Mimi ningeomba kompyuta kubwa zaidi. Dada hakuomba chochote. Alikodi nafasi ndogo kwenye mashine iliyoko Nairobi, mahali ambapo stima haipotei ovyo, na huko akaweka proksi. Wenye kazi yao huiita proksi ya kinyume, jina ambalo halikunisaidia hata kidogo, kwa hivyo alinieleza kwa lugha yake, huku vidole vyake vikiendelea kutembea kwenye kibodi.

"Kuanzia leo hakuna simu itakayobisha hodi hapa ofisini moja kwa moja. Zote zitafika kwa proksi kwanza. Picha ya wazee na ramani zinakaa hukohuko mbele, maana hizo ndizo mzigo, na hazibadiliki. Mtu mwenye mtandao wa kukokota, proksi ndiyo itamvumilia, si seva. Hapa ndani litakuja swali moja dogo: kuna au hakuna?"

"Na hilo jibu si lingekaa huko mbele pia?" nikauliza. Nilijiona nimeanza kuelewa. "Si ndiyo ingekuwa rahisi zaidi?"

Akasimamisha vidole.

"Mwandishi, wewe unaweza kunywa maji yaliyokuwepo saa moja iliyopita? Picha inaweza kuchacha, hakuna atakayelala na kiu. Hilo neno lazima litoke hapa, likiwa bichi."

Nimewahi kukaa na watu wanaobishana juu ya neno moja la shairi mpaka chai inapoa. Sijaona mtu aliyelinda neno kama dada alivyolilinda hilo.

Kazi yenyewe haikuwa na kishindo. Aliandika mistari michache kwenye faili, akaisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayekagua mshono, akawasha, akafungua ukurasa kwa simu yangu. Ulifunguka kabla sijarudisha kidole. Alitabasamu, lakini hakuamini. Alitaka umati.

Umati aliupata kwa kwaya ya kanisa letu. Jumamosi, baada ya mazoezi, mwalimu wa kwaya aliwaambia waimbaji wote watoe simu, na kwa ishara ya mkono wake, kana kwamba wanaingia kwenye kiitikio, wakafungua ukurasa kwa pamoja, tena na tena. Sisi tulikuwa ofisini tukitazama. Mwanzo mambo yakaenda vizuri. Halafu kioo cha kompyuta kikasimama, na kila simu ikaambiwa kwamba imekataliwa.

Jumbe za sauti zikaanza kumiminika. "Dada, umetufukuza hata kabla ya sadaka!" Mwimbaji wa sauti ya pili akasema, "Ni hawa wa sauti ya kwanza, wanabonyeza kama wanavyoimba, mbio mbio." Nyuma yao watu walikuwa wakiangua kicheko.

Nilidhani seva imeanguka. Dada akaweka kiganja juu yake, akasikiliza mvumo wake. "Haijaanguka," akasema. "Imekataa kwa makusudi." Akasogeza kiti, akaanza kusoma kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari, bila haraka, uso wake umebadilika kama uso wa mtu anayeitwa kutoka mbali.

Kisha akapiga paji la uso. "Nimemfukuza mwenye punda."

Kwetu kiangazi kikikaza, majirani humtuma mtu mmoja mwenye punda akawatekee wote. Kioskini kuna sheria kwamba nyumba moja haizidishi mitungi iliyopangiwa, ili wengine nao wapate. Kwa hivyo kila mtungi hupakwa alama ya mwenyewe kwa rangi, mviringo mwekundu, msalaba wa buluu, na mhudumu huhesabu kwa alama. Mhudumu mgeni asiyejua huona mtu mmoja na mitungi mingi, akamfokea kwa ulafi na kumrudisha.

Ndivyo seva ilivyofanya. Zamani dada mwenyewe aliiwekea sheria kwamba anayebisha kupita kiasi afungiwe nje, maana wahuni wa mtandaoni waliwahi kuisumbua. Sasa waimbaji wote walikuja kupitia proksi, na seva ikaona mgeni mmoja tu, mwenye pupa ya kutisha. Ikamfungia, na nyuma yake ikawafungia wote.

Akairekebisha palepale. Aliiagiza proksi ibebe anwani ya kila mgeni pamoja na swali lake, na seva ihesabu kwa anwani hizo.

"Lakini alama mtu yeyote si anaweza kuzipaka?" nikasema.

"Umeona? Ukikaa hapa wiki mbili utapata kazi." Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ndiyo maana seva itaziamini zikiletwa na proksi yangu peke yake. Na ule mlango wa zamani, wa kuja moja kwa moja, naufunga. Atakayeujaribu atakuta ukuta."

Akampigia mwalimu wa kwaya. Wakaimba tena, ndivyo nilivyoanza kuuita ule ubonyezaji kichwani mwangu, na safari hii sauti zote zikaingia.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti alifika mapema, akasimama kando ya soketi, mikono nyuma. Hakuketi. Kwenye kioo mistari ilipita kwa kasi, kila mstari ni mtu mahali fulani akiuliza kuhusu maji yake. Seva ilivuma kwa kiasi chake cha kila siku.

Simu ya mwenyekiti ikalia. Alikuwa mkewe, na sauti yake ilitufikia sote.

"Sasa unaniuliza mimi? Mimi ni bomba?" mwenyekiti akanguruma. "Si ufungue ukurasa! ... Ndiyo, inafanya. Iko hapa mbele yangu inafanya."

Akakata simu, akatazama kioo kwa muda, akavuta stuli na kuketi mbali na soketi. "Kioski cha kule shuleni hakimo," akasema. "Mbona?"

"Mhudumu wake hana simu, mzee."

"Nitamtafutia. Kiweke."

Jioni nilimsindikiza dada nyumbani. Mama mkubwa alikuwa kwenye kivuli cha jiko, amenyoosha mguu wenye goti bovu, anachambua mbaazi kwenye ungo, simu yake kando. Dada alisimama kidogo langoni akimtazama, kisha akaenda kumwamkia, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, hukushuka bondeni leo?"

"Nishuke kufanya nini? Zamu yetu ni kesho asubuhi," mama mkubwa akajibu, kama mtu anayetaja siku ya soko, na macho yake hayakuondoka kwenye ungo. "Kaa hapa unisaidie. Hizi zina mchanga."

Dada akaketi chini, akaweka mkoba kando, akaanza kuchambua.