Kozi Iliyokuwa Njiani

Nakumbuka siku moja, matokeo yangu ya sekondari yakiwa ndiyo yametoka, akaja kwetu Kendu Bay ajenti wa chuo kimoja cha mbali. Chuo gani? Sikitaji. Alikuja na picha za maabara ya umeme, akasema nafasi za uhandisi zinaisha wiki hiyo. Mwanangu, nilikuwa tayari kubeba sanduku. Na baba alishasema atanisomesha mara moja tu. Nikikosea chuo, basi.

Waya, yaani dada yake baba, alimtazama yule mtu kama tunavyomtazama jagam, mshenga wetu sisi Waluo. Maana jagam hulisifu boma mpaka ng'ombe wa jirani wanahesabiwa humo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo maana kabla ya ndoa shangazi huenda kimyakimya kuchunguza boma la upande wa pili. Waya akauliza kama bodi ya wahandisi imeikubali hiyo kozi.

"Mama, hiyo iko njiani," akajibu ajenti.

"Njiani imefika wapi?"

Jamaa akaanza kusifu chai.

Waya akaniambia twende tukalione boma lenyewe, yaani chuo, na tusimwambie mtu. Tukakuta maabara ina kufuli, na kupitia dirishani nikaona mitambo bado imefungwa nailoni yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Waya akamvuta kando msichana wa mwaka wa mwisho, akamuuliza kama waliomtangulia wamesajiliwa na bodi. Binti akaangalia viatu vyake. Nilikasirika, tena si na chuo, bali na Waya, kwa kunikatisha tamaa. Lakini nilimtii, nikasomea chuo kingine, kozi inayotambuliwa na bodi.

Mwenzangu Otieno alimwamini ajenti. Alivaa joho, ng'ombe akachinjwa. Leo anaujua umeme kunishinda, lakini bodi haimtambui, kwa hiyo michoro yake huniletea mimi hapa Migori niikague, nitie sahihi. Akija haketi. Inaniuma sana.

Basi mwanangu, hizo picha unazotumiwa kwenye simu, zishuku. Hata mimi nishuku. Iulize bodi mwenyewe, na uitaje kozi kwa jina lake kamili, kwani chuo kimoja chaweza kuwa na kozi inayotambuliwa na nyingine isiyotambuliwa. Ingia maabara bila kualikwa. Watafute waliomaliza, uwaulize wanafanya kazi gani. Wakikuita mjuaji, itika. Kuuliza si ujinga.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akujalie mchoro wako wa kwanza uutie sahihi kwa mkono wako mwenyewe.