Bomba la Mama Kokugonza

Ndugu zangu, mnicheke taratibu.

Mimi ni fundi chuma hapa Kihanga. Mama Kokugonza, mfugaji wa Kiruruma, aliniletea bomba nilitoboe matundu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe.

"Yawe laini, mwanangu. Chuma kisibaki na meno makali."

"Ondoa shaka, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Siri yangu ni hii: kabla ya kutoboa napigilia kipande cha mti wa mbuni, yaani mkahawa, ndani ya bomba, ukaze, ili drili isiache meno upande wa ndani. Nikatoboa, nikapiga msasa, nikapitisha kidole. Laini kama yai! Nikafunga kifuniko, nikalipeleka mwenyewe, najisifu njia nzima.

Zizini, tukisaidiwa na majirani, tukajaribu kwanza na maji matupu. Pampu ikanguruma, lakini hata tone halikutoka. Nikachungulia tangi, limejaa. Nikaukagua mpira wa maji, haujajikunja. Sikuelewa kitu. Nikailaumu pampu, nikawalaumu hata ng'ombe kwamba wamekanyaga mpira, na wenyewe walikuwa mbali wananitazama tu.

"Ongezeni nguvu!" nikaamuru, huku nafungua kifuniko nione kulikoni.

Mti ukafyatuka kama risasi, ukatua miguuni kwa Mama Kokugonza. Akauokota, akauinua juani, akavikagua vishimo vya drili vilivyojipanga mstari mmoja.

"Kweli wewe ni fundi, mwanangu," akasema. "Hata huu hukuuachia meno."