Kamera ya Utumbo Nikiwa Eda

Mwaka 2021, korosho zikianza kuanguka, nilikuwa na miaka hamsini na tatu, mwanangu, lakini ukaidi wangu ulikuwa bado wa msichana. Nakumbuka Jumatatu ya tarehe 20 Septemba, nilipopokea majibu ya kipimo cha choo katika zahanati yetu ya Kitomanga: damu imeonekana. Mimi sikuwa nimeona hata tone, maana kipimo kile hutafuta damu iliyojificha. Tabibu akanielekeza hospitali ya rufaa, utumbo mpana utazamwe kwa kamera. Kaka yangu alikufa kwa saratani ya utumbo huo huo, kwa hiyo nilielewa vizuri sana.

Tarehe 3 Oktoba mume wangu alifariki, nikaingia eda. Nikiwa ndani nilituma choo kingine kikapimwe. Safari hii hakuna damu! Mimi, niliyejifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini, niliiweka karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza, nikajihesabu mshindi. Kamera hiyo hupitishwa njia ya haja kubwa; niliionea aibu, na eda ilinipa kisingizio chenye heshima.

Somo yangu, Bi Zaituni, aliyenifunda unyagoni, alikuja kunitazama. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akataka nimsomee karatasi zote mbili.

"Kusoma unajua, mwari wangu. Kuelewa je?"

"Mjane hatoki, somo."

"Hatoki kwenda ngomani! Au unamfuata mumeo? Kule alikolala hapana nafasi ya wawili."

Siku ile ile alimleta shehe, ambaye alinieleza kwamba matibabu ni dharura: niende, nikimaliza nirudi nyumbani kwangu.

Tarehe 11 Novemba nilipimwa, baada ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo na kushinda msalani siku nzima iliyotangulia. Kamera iliona kinyama kilichoota ukutani mwa utumbo, kikakatwa pale pale na kupelekwa maabara. Daktari alinifahamisha kuwa kinyama cha namna ile hakivuji damu kila siku; ndiyo maana kipimo cha pili kilikikosa.

Basi, mwanangu, usikidharau kipimo cha choo. Ni chepesi, hakiumi, na ukikirudia kila mwaka kinaweza kukushtua mapema. Lakini kikishasema damu, usikirudie mpaka kikujibu upendavyo. Nenda kwenye kamera. Na kama ndugu yako wa damu aliugua, zungumza na daktari kuhusu kamera tangu mwanzo. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na akupe mtu wa kukukaripia kwa wakati.

Ijumaa, tarehe 10 Desemba 2021, barua yenye mhuri ilinifikia. Niliisoma mwenyewe, kwa sauti: kinyama hakikuwa saratani, na kimeondolewa chote. Bi Zaituni akapiga kigelegele, ndani ya nyumba ya eda, wala hakuomba radhi kwa mtu.