Glasi ya Mama Mwenye Mwiko

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa mzima. Tangu niokoke sijaonja pombe hata tone. Lakini niliiuza. Ndiyo, mlokole anauza bia Doha! Kazi ni kazi, nilijiambia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2010, katika baa ya hoteli ambayo siitaji. Tuliletewa mapipa ya bia ya kahawia kutoka kiwanda kidogo cha kijijini Uingereza. Meneja wetu, mzee Alan, alikuwa mtoto wa ukoo wenye kiwanda hicho. Ukutani alitundika picha ya bibi wa bibi yake, mjane mwenye aproni na mwiko mrefu wa mbao, aliyeanza kupika bia ile jikoni kwake ili alishe watoto. Mila yao ni kwamba pipa jipya likifunguliwa, glasi ya kwanza ni ya yule mama. Inawekwa chini ya picha hadi kesho yake, na hainywi mtu.

Glasi hiyo iliniudhi kwa sababu niliijua. Mama yangu kule Kakamega alikuwa mpika busaa, pombe yetu ya nafaka, na busaa ndiyo iliyonisomesha. Naye kila akifungua chungu, kikombe cha kwanza aliwamwagia waliomtangulia. Nilimwambia hayo ni mambo ya shetani. Wiki yaliponipata haya nilikuwa nimempigia simu: "Mama, nikirudi nikute hicho chungu, sikanyagi kwako." Akasema, "Nimesikia, baba." Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, baba.

Ijumaa ya wiki hiyo, Alan akiwa likizo, nilitoka kanisani Mesaimeer moyo ukiwaka mahubiri. Saa tisa mchana baa ilikuwa bado haijafunguliwa. Nikafungua pipa jipya, nikajaza glasi ya kwanza, nikaimwaga kwenye sinki. "Kwa jina la Yesu!" nikasema kwa sauti.

Kugeuka, mama wa Kizungu ameketi kaunta, chini ya picha. Mikono yake ilikuwa imebabuka, mikono ya mtu aliyezoea masufuria ya moto. Haki ya Mungu, mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani!

"Kikombe changu kiko wapi?" akauliza. Kwa Kiluhya. Kiluhya cha kwetu! Wewe ungejibu nini?

"Nimekimwaga."

"Na cha mama yako?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo inayoniuma mpaka leo. "Mpigie simu sasa hivi," akasema.

Nami nikafanya nini? Nikafumba macho, nikakemea pepo! Nilipofumbua, kiti kilikuwa kitupu. Pale kaunta kulikuwa na glasi imejaa, na si mimi niliyeijaza. Nikanusa. Unga uliokaangwa na kimea cha wimbi. Busaa, Doha!

Okello, askari wetu Mganda aliyekagua pasipoti pale nje, aliapa hakuingia mtu. "Ndugu, umefanya nini humo?" akaniuliza. Nikarudi ndani. Na simu sikupiga. Kiburi tu, hakuna jina jingine. Jioni wateja walirudisha glasi moja baada ya nyingine, pipa zima lilikuwa limechacha.

Nilipiga asubuhi. Akapokea dada yangu.

"Mama amevunja chungu jana, giza likiingia," akasema. "Chungu alichoachiwa na nyanya. Mwiko akautia motoni, akauchemshia chai. Alikaa na hicho chungu mchana kutwa, kaka, simu mapajani. Alisema pengine utapiga ubadili neno."

Saa za Doha na za kwetu ni zilezile. Nilikuwa na saa tatu nzima kabla hajakivunja.

Alan aliporudi aliuliza kama yule mama wa pichani alipata glasi. Nikasema alipata. Mlokole huyo.

Niliporudi nyumbani, mama alinifutia kiti, akanimiminia chai. "Karibu, mgeni," akasema, bila hasira yoyote. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti. Akaniambia ninyanyuke, suruali itachafuka. Chungu kipya nilimnunulia, anafugia kuku wa kuatamia. Neno "baba" sijalisikia tena.

Kwa hiyo wewe, ukikuta glasi ya mtu imewekwa mahali, iache. Na kama kuna neno ulimtupia mama yako, usingoje nimalize hadithi. Huenda saa hii ameketi na simu mapajani.