Msafara Ulionifuata Hadi Chang'ombe

Siku ile walikuwepo mjomba Alfonsi, aliyetoka Masasi kuja kusimama badala ya baba. Mdogo wangu Tekla, aliyekuwa anaposwa. Mshenga, Mzee Lukasi, na wazee wenzake wa upande wa mwanaume. Akina mama wa mtaani kwetu Chang'ombe waliokuja kupika. Dada mmoja anaitwa Yustina, ambaye asubuhi ile sikuwa namjua. Na baba yake Yustina, ambaye alikuwa ndani ya jeneza. Nawataja wote mapema asije mtu akasema nimepunguza. Aibu niliifanya mbele yao, na mpaka leo nikipita dukani watu hunyamaza kwanza ndipo huitikia salamu.

Mie ndiye mkubwa kwetu. Mama alipomfuata baba niliacha shule kidato cha pili, nikaanza kupika wali na kuwapelekea wafanyakazi wa viwandani, na wali huo ndio ulionisomeshea wadogo zangu, mwishowe ukanipa kigari cheupe cha mtumba (cha kubebea mahotipoti, siyo cha maringo) na leseni iliyokuwa bado inanukia upya. Posa ya Tekla niliibeba kama mtihani wangu. Nilitaka wakwe waone kwamba watoto wasio na wazazi nao wana kwao. Bila mjomba hapakuwa na wa kuipokea barua ya posa, kwa hiyo nikaenda kumchukua stendi ya Mbezi mwenyewe, ili aingie kwa heshima.

Mvua ikatukuta kabla ya Ubungo, mvua ya kugeuza mchana kuwa magharibi. Mwalimu wangu wa udereva alinifundisha neno moja nikalishika kama sala: acha nafasi mbele, tafuta nafasi ubavuni, na usipoonekana, jionyeshe. Basi nikajionyesha. Nikawasha hazadi, zile taa za pembeni zinazowaka na kuzimika pamoja, nikawa natafuta nafasi, na nafasi ya Dar mnaijua, ukiacha upenyo wa paka linaingia lori.

Ndipo pale Ubungo nikaona nafasi ya ajabu. Mbele kigari cheupe kama changu, kimewasha hazadi. Nyuma yake, mbali kidogo, gari refu jeusi, nalo limewasha. Katikati patupu, hakuna anayepagombea. Nikaingia. Ndugu zangu, raha niliyoipata! Hakuna honi, hakuna bodaboda ya kunikwangua, madereva wanasimama kunipisha, na trafiki akazuia barabara nzima kwa ajili yangu, akavua kofia kwenye mvua.

"Mama, kumbe unaheshimika mjini," mjomba akasema.

"Nimeshazoea," nikajibu. (Mungu anisamehe.)

Kilichoanza kunitia baridi ni ukimya. Kila kituo tulichopita watu walisimama, na mama mmoja aliyebeba ndoo aliitua chini mpaka tupite. Gari la nyuma halikunikaribia wala halikubaki nyuma. Nikipunguza mwendo, linapunguza. Kioo kilijaa ukungu nikawa naona taa zake tu, zinafumba na kufumbua pamoja na zangu, kama kitu kinachopumua pumzi yangu.

Tulipofika Tazara lori likanikatiza, kile kigari cha mbele kikamezwa na mvua kikienda moja kwa moja, mie nikakata kuelekea kwetu. Gari jeusi likakata. Nikaingia mtaa usio wangu, makusudi, likaingia. Mjomba akafuta kioo kwa kiganja, akageuka, akatazama kwa muda mrefu.

"Bertha. Lile gari lina msalaba."

"Ni la nani?"

"Sasa mie nitajuaje? Simama. Usiwapeleke nyumbani."

Nikasimama. Likasimama, na nyuma yake kibasi, nacho kikasimama. Hakushuka mtu. Nilingoja aje wa kunitukana, kama ilivyo desturi ya mjini. Hakuja, nami sikushuka. Kurudi nyuma nilikuwa sijui vizuri. Simu ikaita, jina la Tekla, sikupokea (dereva mpya hashiki simu), ikaita tena, ikaita tena. Wakwe walikuwa wameshafika. Nikaondoa gari, na mtaa ule unatokea sehemu moja tu: mlangoni kwetu.

Mnajua turubai la posa na turubai la msiba ni lile lile, na viti ni vile vile vya plastiki. Vijana wakashuka kwenye kibasi kimyakimya, wakateremsha jeneza, wakapita nalo ubavuni mwa gari langu, mie nimeng'ang'ania usukani nyuma ya vioo vilivyojaa ukungu. Mjomba akashuka, mvua ikamlowesha, mdomo wazi. Akina mama wakaliona jeneza, wakakiona kigari changu, wakamwona mjomba. Kwetu hakuna anayeuliza. Kilio kwanza, jina baadaye. Na safari hii jina walikuwa nalo.

"Bertha wetu jamani! Kigari kile tulimkataza!"

Jeneza likawekwa juu ya meza ya soda, mbele ya wakwe. Tekla akatoka ndani na sinia. Mara ya mwisho jeneza kuingia pale lilikuwa la mama. Sinia likaanguka, akalikumbatia lile jeneza, akaita, "Dada! Dada, nani atanipokelea?" Mie nikiwa garini nikajiona ninavyoliliwa, na kwa kitambo, nawaambieni kweli, sikuwa na hakika niko upande gani. Nikaushika uso wangu. Ulikuwa wa baridi.

Nikashuka. "Niko hapa," nikasema.

Hilo ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema. Viti viliruka, akina mama walipita chini ya kamba za turubai, na Mzee Lukasi, mtu mzima na koti lake, alikutwa nyuma ya tanki la maji. Tekla peke yake hakukimbia. Alinijia, akanizaba kofi, kisha akanishika asiniachie.

Ndipo kwenye kibasi akashuka Yustina. "Samahani, hapa siyo kwa baba mdogo?" Baba yao alifia Morogoro, anapelekwa Mtoni kwa mdogo wake, ambako wao hawakuwahi kufika, kwa hiyo dereva aliambiwa afuate kigari cheupe chenye hazadi.

Hatukuweza kumfukuza marehemu kwenye mvua. Tulikaa wote chini ya turubai, posa na msiba, tukaimba mpaka wenyeji wao wakaja. Wakwe walisaidia kulibeba jeneza. Kisha Mzee Lukasi akairudisha bahasha ndani ya koti.

"Barua tunarudi nayo, binti yangu. Siyo kwa ubaya. Maiti ya watu imeingia kwenu, malizaneni kwanza na wenyewe."

Nikamfuata Yustina nikamwomba radhi, nikamwuliza tumlipe nini. Akaliangalia gari langu.

"Baba amekufuata wewe, akafikia kwako. Siku ya arobaini toka hapa mlangoni na gari lako, taa zikiwaka hivyohivyo, sie tuko nyuma, utufikishe kaburini. Atoke kwenu, aingie kwake."

Hazadi gari likiwa linatembea niliapa kutowasha tena, na nafasi isiyogombewa Dar es Salaam nitauliza kwanza ni ya nani. Ila kiapo hicho kitangoja. Arobaini haijafika, Tekla hajaposwa, na mjomba amekataa kabisa kukaa kiti cha mbele.