Gundi Iliyokosa Chumvi

Enzi zetu gundi haikununuliwa, ilipikwa. Ninyi mliokulia Kampemba, hapa Lubumbashi, pamoja nami mnajua ninachosema. Unakung'uta unga wa bukari, ugali wetu, uliobaki chini ya mfuko, unaukoroga na maji ndani ya kopo la maziwa, unaweka kopo juu ya mbabula, jiko la makaa, na kukoroga mpaka mapovu mazito yaanze kupasuka. Ukiwahi kuondoa, umepata uji. Ukichelewa, umepata bukari yenyewe, na wadogo zako wataimaliza kabla haijabandika chochote. Kwetu hakuna gundi iliyotoka motoni kabla mama hajaionja. Alichovya kidole, akalamba, akafumba macho kama anapima mchuzi wa Noeli, kisha akatoa hukumu yake ileile: "Inakosa chumvi." Na sisi tukacheka, kila mara, utafikiri hatujawahi kuisikia.

Binti yangu Grâce, leo hii, gundi ikikosekana dukani anatangaza kwamba kazi ya shule haiwezekani. Ningemwambia kuhusu kopo la maziwa, lakini najua macho atakayonitazama nayo.

Gundi yetu ilikuwa ya kadi za pole. Ilianza mwaka ambao kazi ya papa, baba yetu, ilikatika na mama akaanza kuuza mikate kando ya barabara. Nyumba ya jirani ikapata msiba. Mnajua kwetu kilio kinavyotangazwa: matawi ya mti yanalazwa barabarani mbele ya lango, magari yanapunguza mwendo, na kila anayepita anajua kwamba hapa watu wanalia. Na anayeingia anaingia na kitu, unga, makala ya kuwashia moto, hata sukari kidogo. Siku hiyo mama alisimama katikati ya nyumba akitazama huku na huku.

"Ku kilio habaendake mikono bure," alisema. "Bunga hatuna, makala hatuna. Tutapeleka nini, batoto?"

Kaka yangu Didier, aliyekuwa amejaza ukuta wa choo michoro ya malori, akasema angeweza kuchora. Mama hakuwa na wazo jingine. Basi tukampelekea mjane kadi.

Marehemu alikuwa Papa Kasongo, fundi viatu, mtu mwema aliyevaa suruali akaipandisha mpaka karibu na makwapa. Didier alimchora hivyohivyo, suruali ikiwa imefika kifuani, mkanda chini ya kidevu. Mama aliiona picha ikiwa tayari mkononi mwa mjane, na akashika kichwa. Mjane aliitazama muda mrefu. Halafu akapiga kelele: "Eh! Njo yeye kabisa! Muangalie ile suruali!" Kadi ikazunguka mkekani, mkono kwa mkono, na wanawake waliokuwa wamekaukiwa sauti wakacheka na kulia kwa pamoja.

Tulirudi nyumbani tukisubiri fimbo. Karibu na lango mama akasema, "Kumbe pole iko ya kila muntu. Ile suruali ilikuwa yake yeye peke." Fimbo haikuja, na tangu siku hiyo ikawa sheria ya barza yetu, kibaraza tulichofanyia kazi: kila kadi iwe na kitu kimoja cha kweli, cha mtu huyo na si cha mwingine.

Basi watoto wa avenyu wakawa wanakusanyika kwetu kila mara nyumba fulani ilipoguswa na janga. Kadi hazikuwa za misiba tu. Baba akilazwa hospitali tulitengeneza, upepo ukibeba mabati ya mtu tulitengeneza. Tantine mmoja, mama wa jirani, tulimchorea paa lake likiruka na kuku amekaa juu. Mama alimkataa kuku, halafu akamrudisha. Karatasi yetu ilikuwa ile ya ndani ya mfuko wa simenti, iliyokung'utwa mpaka sote tukapiga chafya. Rangi nyeusi ilikuwa makala. Nyekundu tuliichota barabarani, maana Lubumbashi vumbi halijawahi kukosekana. Kwa kijani tulisaga vile vijiwe vya malakiti vya migodini mpaka viganja vikauma, na jakaranda zikichanua tulibandika maua yenyewe. Mama alimalizia kwa kushona ukingo wa kadi na uzi mwembamba wa shaba uliotoka kwenye mota zilizoungua. Kadi zilinuka unga na zilipendwa sana na mende, kwa hiyo zilipelekwa siku ileile.

Sasa nifike kwa Papa Kambale.

Yeye na mke wake, Mama Masika, walikuwa wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini. Walipanga nyumba kubwa ya kona, wakauza kwa jumla sabuni, sukari na chumvi ya magunia. Binti yao Kahindo alikaa nami dawati moja. Watu wetu si wabaya, lakini wana uzito wa kumzoea mtu. Familia ile ilisali kwingine, ikasemezana lugha yake nyumbani, ikafunga lango lake mapema. Ilitosha. Tuliwaita bageni, wageni, na tulinunua sabuni yao bila kuuliza habari za nyumbani.

Majira ya mvua lori la Papa Kambale lilipinduka kwenye matope likitoka Sakania, mpakani, naye akafa palepale. Matawi yakalazwa barabarani. Viti vya plastiki vikapangwa uani. Na viti vikabaki vitupu. Walikuja watu wachache wa kanisa lao, wakakaa kwenye pembe moja. Wengine wote walipita nje, wakapunguza mwendo kama magari, wakasema, "Ba kwabo batakuya," yaani ndugu zao watakuja, wakaendelea na safari. Nilipita nami nikitoka shuleni. Nilimwona Kahindo amekaa kati ya viti vile vyeupe akiwa na sare ya shule bado, na sikujua niingie au nisiingie. Nilikwenda nyumbani nikalia, kwa ajili yake na kwa aibu.

Mama alikwenda kutoa mkono wa pole. Aliporudi uso wake ulikuwa umefungwa.

"Ule mama anasema akimaliza kuzika atabeba batoto, atarudia kwabo Butembo. Anasema hapa hakuna muntu anabajua." Akavua viatu. "Pikeni gundi."

Tulipika. Mama alionja, akasema inakosa chumvi, ila kwa mazoea tu, na hakuna aliyecheka. Tukakaa mbele ya karatasi na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitu cha kuchora. Papa Kambale alikuwa nani? Lori na kofia. Didier akasema tuandike tu "Pole sana" kwa herufi kubwa nzuri. Mama akamnyang'anya kalamu.

"Hapana. Endeni muulize."

"Tuulize nani, mama?"

"Bale benye kusema habamujue."

Tukatoka. Wa kwanza alikuwa Mama Ngalula, muuza makala wa njia panda, mwanamke wa sauti kubwa. Alishika kiuno. "Mi namujua wapi, ule papa? Ni mugeni!" Akaendelea kupanga makala yake. Tulikuwa tumeshageuka kuondoka alipoongeza, sasa kwa sauti ndogo: "Ila mvua ikinyesha, alikuwa anatosha bâche ku kamio yake, anafunika makala yangu. Hakukuwa anasema hata kintu. Anafunika, anaenda."

Turubai la lori lake. Didier akasema hilo tutalichora.

Sentineli, yaani mlinzi, wa nyumba ya jirani, mzee Papa Mwansa, naye hakumjua kabisa, isipokuwa kwamba kila asubuhi lori likikataa kuwaka, Papa Kambale alilipigia mluzi wimbo wa kanisani, beti zote, mpaka likubali. Wavulana wa mpira hawakumjua pia. Walijua tu kwamba aliegesha lori mbali na lango lake, akatembea kwa miguu na mizigo yake, ili wao wasikose uwanja. Na Mama Chantal, aliyepikia madereva bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, alitukunjia uso. "Sombe yangu alikuwa anapenda, lakini anaweka pilipili yake juu! Anaibebaka mu chupa ya dawa! Nilikasirika, kweli." Halafu akajifuta macho na pembe ya kitenge, akatuuliza kama ni kweli kule ndani hakuna watu.

Tulichora lori lote kwa malakiti, turubai likifunika makala, mluzi ukitoka kama nyuzi za moshi, na pembeni chupa ya dawa yenye pilipili, na chini tukaandika yote tuliyoambiwa. Kesho yake baada ya shule tukaipeleka, mama akiwa mbele.

Mama Masika alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, hatazami mtu. Macho yake yalikuwa yamevimba hata asiweze kusoma, kwa hiyo Kahindo ndiye aliyesoma, akifuata maneno kwa kidole. Turubai. Mluzi. Lori mbali na uwanja. Alipofika kwenye pilipili, Mama Masika akatoa sauti iliyonitisha. Nilidhani tumemuua. Kumbe anacheka. Alicheka huku machozi yakimtiririka, akamwambia binti yake, "Kahindo, lete ile chupa." Ikaletwa, chupa ndogo ya kahawia, pilipili bado ndani. Akaikumbatia kifuani, na hapo ndipo akalia kilio chenyewe, kile cha kumtua mtu mzigo.

Katikati ya kilio hicho langoni akatokea Mama Ngalula na gunia la makala kichwani. "Mi niko na kilio yangu na huyu papa," alisema kwa ile sauti yake, kama kwamba mtu alikuwa amemzuia. Nyuma yake akaja Mama Chantal na sufuria. Akaja Papa Mwansa na kofia mkononi. Unajua, ukishamuuliza mtu anamkumbuka nani kwa lipi, kesho yake hawezi kupita nje tena. Kabla jua halijashuka viti vilikuwa havitoshi, na wanaume walikalia magunia ya chumvi.

Butembo hawakurudi. Baada ya maziko Mama Masika alimwambia mama, nami nikiwa nimeshika sketi yake: "Nilikuwa najiendea, Mama Jeanne. Lakini sasa bwana yangu anajulikana hapa. Nitamuacha na nani?"

Kahindo akawa mtoto wa barza yetu. Siku yake ya kwanza, mama alipoonja gundi na kusema inakosa chumvi, maskini Kahindo aliamini. Alikimbia mpaka dukani kwao, akarudi na chumvi tele kwenye kiganja. Tuligaragara kwa kucheka. Mama hakucheka, alimfunga kiganja taratibu, akamwambia, "Acha, mama. Ukitia chumvi, mi nitasema nini kesho?"

Mama yangu amefariki majira haya ya kiangazi.

Kilio kilikuwa kizuri, kama watu wanavyosema siku hizi. Hema, vipaza sauti, sare za kitenge, kijana wa kupiga picha. Mimi naishi mtaa wa Makomeno sasa, na nilikuwa na kazi ya kuhesabia watu sahani hata nafasi ya kulia sikuwa nayo. Simu ilitetemeka siku nzima: vipicha vya mishumaa, mikono iliyokunjwa, mishumaa tena. Mpwa wangu mmoja alinitumia salamu ndefu za kugusa moyo, "kwa familia nzima ya Papa Jean-Paul." Jean-Paul ni wa msiba mwingine, mtoto alinakili akasahau kubadilisha. Nilimjibu asante. Grâce, aliyemwita bibi yake kambo, alikuja kunifariji: "Maman, angalia, bantu bengi sana baliliker picha ya kambo ku simu."

Sitaki kuwasingizia watoto wetu. Wana huruma, tena inafika upesi. Dada yangu aliye ng'ambo alilia nami saa ileile, jambo ambalo enzi zetu halikuwezekana. Lakini nilisoma ujumbe baada ya ujumbe, mama shujaa, mama mwenye upendo, na nikaona nazika mwanamke mwema nisiyemfahamu. Nilimtafuta mama yangu kwenye simu ile na sikumpata, na hilo liliniuma kuliko jeneza.

Ndipo akaingia Kahindo. Ana mvi, duka la kona ni lake. Alinipa tu karatasi ya kahawia iliyokunjwa. Nilihisi ukingo kwa kidole kabla sijaiangalia: uzi wa shaba, umeshonwa vibaya, maana kushona hakuwahi kujua. Ndani alikuwa amechora kidole ndani ya kopo la maziwa. Chini yake maneno machache: "Alionja gundi yetu kila mara, na kila mara ilikosa chumvi."

Nilipiga kicheko kilichosimamisha vipaza sauti. Halafu nikalia, mdomo wazi, kama mtoto. Grâce alikuja mbio.

"Maman, kuko nini?"

Nikampa kadi. Akaisoma, akainusa, akakunja pua. "Kambo alikuwa anakula gundi?"

"Ikaa," nikamwambia. Akakaa mkekani kati yetu wawili, akalaza simu yake kifudifudi, akangoja nimwambie.

Kahindo akaniinamia sikioni. "Ramba kwanza ile gundi pale pembeni."

Nikaichukua kadi nikairamba, mbele za watu, na nguo zangu za msiba. Alikuwa ametia chumvi.